Gereji iliyokuwa ikitoa jasho

Nilipofika mara ya kwanza, mwenye gereji hakunionyesha ukuta wala sakafu. Alinionyesha droo. Ilikuwa ya meza yake ya kazi, aliyoitengeneza kwa mkono wake, na msimu uliotangulia ilikuwa imevimba hata haifunguki. Alichukua randa akaipunguza ubavuni mpaka ikateleza tena. Randa hiyo ilikuwa hapo juu ya meza, na kwenye uso wake wa chuma palikuwa na alama ya kidole gumba iliyogeuka kutu, mistari yote ya ngozi ikisomeka kama muhuri wa karani.

"Niliishika juzi tu, fundi," alisema. "Juzi."

Gereji yenyewe ilikuwa ya mita 3 kwa 6, urefu wa mita 2.4 hivi. Kuta za tofali moja, unene wa sentimita 10. Paa la bati. Sakafu ya zege iliyomwagwa moja kwa moja juu ya kifusi, bila nailoni chini yake. Mlango mmoja mkubwa wa kunyanyua. Gari lilikuwa limehamia nje, naye alitaka karakana ya useremala anayoweza kufanyia kazi mwaka mzima, baridi iwepo isiwepo.

Alikuwa amekwisha kujaribu. Mwaka mmoja kabla, alipigilia fito za mbao ukutani, akajaza sufi ya glasi katikati, akafunika kwa plaiwudi. Ikapendeza miezi mitatu. Baadaye ikaja harufu ile ya gunia lililosahaulika. Tulibandua ubao mmoja. Sufi ilikuwa nzito kama tambara la kudekia, mgongo wa plaiwudi umeshika ukungu mweusi, na ukuta nyuma yake umetoa chumvi nyeupe inayopukutika ukiigusa. Chumvi hiyo si uchafu: maji yamepita ndani ya tofali yakaibeba, yalipofika usoni yakakauka, yakaiacha. Ukiiona, ujue ukuta wako unapitisha maji.

Hapo ndipo tulipoanza kutofautiana. Yeye alitaka tununue mashine ya kukausha hewa, tubadilishe sufi, tuendelee. Mimi nilitaka kwanza nijue maji yanatoka wapi. Maji huingia chumbani kwa njia tatu: yanamiminika, yanapanda kutoka ardhini, au yanakuja yakiwa hewani na kugeuka umande. Dawa ya moja haitibu nyingine, na mara nyingine huizidisha. Mashine ya kukausha hewa ndani ya chumba kilicho wazi kwa ardhi ni kutwanga maji kwenye kinu: inanyonya, ardhi inaleta mengine, na wewe unalipia umeme.

Vipimo tulivyotumia vilikuwa vya kimaskini, na sioni aibu kuvisema. Tulikata vipande vitatu vya nailoni nzito, kila kimoja mita moja kwa mita moja, tukavibandika sakafuni kwa utepe pande zote: kimoja katikati, kimoja karibu na mlango, kimoja kandokando ya ukuta mrefu. Tukaviacha saa 48. Maji yakikusanyika chini ya nailoni, yametoka ardhini. Yakikusanyika juu yake, yametoka hewani. Kile cha ukutani kilikuwa na matone chini, na zege lake limebadilika rangi kuwa la giza. Kile cha mlangoni kilikuwa kikavu chini lakini juu kimelowa asubuhi. Cha katikati kilikuwa na hayo yote mawili, kidogo kidogo.

Kwa hiyo tayari tulikuwa na wezi wawili. Wa tatu tulimpata kwa mpira wa maji. Tulinyunyizia ukuta mrefu kutoka nje, tukianzia chini na kupanda polepole, kila usawa dakika 20, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yanateremka na hutajua yalipoingilia. Yalipofika usawa wa kiuno, doa likajitokeza ndani kwenye mistari ya saruji iliyomomonyoka kati ya matofali.

Kipima unyevu cha hewa alikuwa nacho, cha kidijitali, lakini sikukiamini. Kuna njia ya kukihakiki inayohitaji chumvi tu. Unajaza kifuniko cha chupa kwa chumvi ya kawaida, unadondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Unaiweka pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, unasubiri saa nane au zaidi. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa hivyo hutulia kwenye asilimia 75. Chake kilisoma 71. Tuliandika "+4" mgongoni kwa kalamu ya wino, kikawa kipimo cha kuaminika.

Kwa wiki mbili aliandika joto na unyevu mara tatu kwa siku, ndani na nje. Nilitarajia siku za mvua ndizo ziwe mbaya. Hazikuwa. Siku mbaya kuliko zote zilikuwa siku nzuri: jua, upepo mwanana, baada ya usiku kadhaa wa baridi. Siku hizo sakafu ililowa kama iliyomwagiwa maji. Nikamuuliza siku kama hizo hufanya nini. Akajibu kwa fahari kidogo: "Nafungua mlango wote, hewa iingie, pakauke."

Hesabu yake ni hii, na ndiyo kiini cha kisa chote. Hewa ya nje siku mojawapo ilikuwa nyuzi 24 za selsiasi na unyevu asilimia 75. Hewa ya namna hiyo hubeba takriban gramu 16 za maji kwa kila mita ya ujazo. Sakafu ilikuwa nyuzi 16, na hewa ya nyuzi 16 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13.6 hivi. Ile ziada, gramu mbili na nusu au zaidi, lazima iachwe mahali, nayo huachwa kwenye kitu cha baridi: zege, meza ya msumeno, uso wa randa. Gereji ile ina mita za ujazo 43. Hewa yote ikibadilika mara moja na kupoa hadi joto la sakafu, zinabaki gramu zaidi ya mia moja za maji. Mlango ukiwa wazi kutwa, hewa hubadilika mara nyingi sana. Alikuwa anaingiza maji kwa mikono yake, tena siku zile alizodhani anakausha.

Kinyume chake nacho ni kweli, ingawa watu hukikataa. Asubuhi ya baridi yenye ukungu, nyuzi 10 na asilimia 90, hewa ina gramu 8.5 hivi kwa mita ya ujazo. Chumba cha nyuzi 20 na asilimia 60 kina gramu 10.4. Hewa ile inayoonekana imelowa chepechepe ndiyo kavu kuliko ya ndani, na ukiingiza kidogo ikapata joto, inakausha. Asilimia peke yake haikuambii kitu. Iulize pamoja na joto.

Kulikuwa na kosa la nne, nalo lilijificha kwenye hita ya gesi aliyoiwasha jioni ili apate joto la kufanyia kazi. Kila kilo moja ya gesi ya kupikia inapoungua hutoa takriban kilo 1.6 za maji kama mvuke, na hita isiyo na bomba la kutolea moshi huyaacha yote chumbani. Mafuta ya taa nayo ni hivyohivyo, lita moja hutoa lita moja na ushei. Mbali na maji, katika chumba kilichofungwa hita ya namna hiyo inaweza kutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Hita ilitolewa siku hiyohiyo, bila mjadala.

Kazi tukaianzia nje. Kando ya ukuta mrefu kulikuwa na kitalu cha maua, udongo wake umepanda sentimita 20 juu ya usawa wa sakafu ya ndani. Ile nailoni nyeusi inayolazwa juu ya msingi ili maji yasipande ukutani ilikuwepo, ila udongo ulikuwa umeivuka, kwa hiyo maji yaliizunguka tu. Tulichimba udongo mpaka ukawa sentimita 15 chini ya nailoni hiyo. Kisha mtaro: upana sentimita 30, kina cha kupita chini ya zege la sakafu lakini si chini ya kitako cha msingi. Hapo kwenye kitako uwe mwangalifu, maana mtu mwenye bidii na sururu anaweza kuuacha ukuta ukining'inia hewani. Ndani ya mtaro tulilaza kitambaa cha kuchuja, bomba lenye matundu la milimita 100, mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, kokoto safi, tukafunika kwa kitambaa hichohicho. Maua yalihamishiwa kwenye vyungu, na nadhani ndiyo sehemu pekee ya kazi iliyonuniwa na familia nzima.

Gata la paa lilikuwa linamwaga pembeni mwa ukuta uleule. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 18 za mraba likipata mvua ya milimita 20, ni lita 360, zote zinamwagwa kwenye kona moja, miguuni mwa ukuta. Tuliongeza bomba, tukayapeleka maji mita tatu mbali. Kazi ya asubuhi moja.

Mistari ya saruji iliyokwisha tuliikwangua kina cha sentimita mbili, tukaijaza upya kwa mchanganyiko usio mgumu kuliko tofali lenyewe. Ukijaza kwa saruji kali, baadaye litakalopasuka ni tofali. Baadaye tulipaka ile dawa ya siloxane ambayo hufukuza matone lakini huuacha mvuke utoke. Rangi ya mafuta nilikataa: huyafungia maji ndani ya ukuta.

Baada ya hapo, tukasubiri wiki sita. Hii ndiyo ilikuwa sehemu ngumu kuliko mtaro. Kila mara alinipigia simu kuuliza kama tunaweza kuanza ndani, na kila mara nilimwambia aandike vipimo. Ukuta uliolowa kwa miaka haukauki kwa wiki moja, na ukiufunika ungali umelowa umeyafungia maji jela. Tuliporudia vipande vya nailoni, kile cha ukutani kilikuwa na ukungu hafifu wa maji tu chini yake. Sehemu kubwa ya yale tuliyoyaita maji ya ardhini yalikuwa maji ya paa na ya kitalu, yakiingilia ubavuni. Ila ukungu ule hafifu ulitosha kuniambia kwamba sakafu bado inahitaji kufungwa.

Sakafu nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyoibadilisha gereji. Tulifagia, tukaziba nyufa, tukasawazisha mabonde kwa saruji laini tukitumia ubao mrefu na pima maji. Juu yake nailoni ya maikroni 300, viungo vyake vikipandana sentimita 30 na kubandikwa utepe, kingo zikipanda ukutani sentimita 15. Juu ya nailoni, mbao za povu gumu la polistirini, lile la kukamuliwa lisilonyonya maji, unene milimita 50. Juu ya povu, plaiwudi ya milimita 18 iliyounganishwa kwa ulimi na gundi, bila skrubu hata moja ya kushuka chini, kwani kila skrubu ingetoboa nailoni. Kuzunguka kuta tuliacha nafasi ya milimita 10 ili mbao zipate pa kutanukia.

Nailoni inazuia maji yanayopanda, hilo kila mtu analielewa. Povu ndilo linalomaliza umande. Plaiwudi iliyotenganishwa na ardhi kwa povu hufuata joto la chumba. Haibaki nyuzi 16 wakati hewa ni 24. Kitu cha baridi kikiondoka, umande unakosa pa kukaa.

Mwenye gereji aliniuliza swali zuri: meza ya msumeno ina kilo 200, haitazama kwenye povu? Ina miguu minne, kila mmoja sentimita 5 kwa 5. Uzito wote ukikaa juu ya sentimita 100 za mraba tu, ni mkandamizo wa kilopaskali 200. Povu lililoandikwa 300, yaani kilopaskali 300, linabeba mzigo huo kwa muda, lakini likibebeshwa miaka na miaka hukubali taratibu. Mzigo wa kudumu huhesabiwa sehemu ndogo tu ya namba ile, theluthi hivi. Plaiwudi nayo husambaza uzito, ila sikutaka kuitegemea peke yake. Tuliweka vipande vya mbao ngumu vya sentimita 20 kwa 20 chini ya kila mguu, na mzigo ukashuka hadi kilopaskali 12.5. Mashine haijasogea.

Ukutani hatukurudia sufi. Sufi inazuia joto vizuri ikiwa kavu, lakini hewa yenye mvuke hupenya ndani yake mpaka kwenye tofali baridi, na huko ndiko umande ulikozaliwa mara ile ya kwanza. Safari hii tulibandika mbao za povu milimita 50 moja kwa moja kwenye tofali, gundi imeenea uso wote pasibaki mwanya wa hewa nyuma, viungo vyote vikazibwa utepe. Juu yake papi za mbao zilizofungwa kwa skrubu ndefu hadi kwenye tofali, kisha bodi za jipsamu. Povu haliachwi wazi ndani ya karakana hata siku moja. Likishika moto hutoa moshi wa sumu. Upande wa meza ya kazi tuliongeza plaiwudi juu ya jipsamu, apate pa kutundikia misumeno na patasi.

Mpangilio huu ulifaa kwa sababu hapo ndani ndiko kwenye joto zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mahali ambapo nje ni joto na unyevu, na ndani kunapozwa kwa kiyoyozi, mvuke husafiri kinyume, kutoka nje kwenda ndani, na nailoni iliyowekwa upande wa ndani ndiyo itakayoozesha ukuta. Anayeiga kisa hiki aanze kwa kujiuliza upande upi wa ukuta wake ndio wenye joto.

Nyaya za umeme nusura zitushinde. Ganda la nyaya za PVC likigusana na polistirini muda mrefu, kile kinacholifanya liwe laini huhamia kwenye povu, ganda likabaki gumu na la kupasuka. Nyaya zilizofunikwa na vihami joto pia hupata moto zaidi. Fundi umeme alizipitisha zote kwenye mabomba upande wa papi, nje ya povu, na kuweka swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja.

Paa lilikuwa na kisa chake. Usiku wa anga safi, bati hupoteza joto kuelekea angani mpaka likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na chini yake hutoka jasho na kudondosha. Tulifungua bati safu kwa safu, tukalaza utando unaopitisha mvuke lakini unaoyateremsha matone hadi kwenye gata, tukarudisha. Chini yake, kati ya boriti, sufi ya milimita 100 ikiacha nafasi ya hewa ya milimita 50 iliyo wazi pande zote mbili za paa. Chini ya sufi nailoni, na chini ya nailoni bodi. Hapo sufi ilifaa, kwani hewa ya nje inapita juu yake na kuikausha. Nilisisitiza tundu la taa lizibwe kwa utepe. Alicheka. Tundu moja la upana wa kidole gumba hupitisha mvuke mwingi kuliko nailoni nzima inayolizunguka.

Mlango ndio uliotutia adabu. Tuliubandika povu la milimita 25 na ubao mwembamba, tukaweka mpira chini na brashi pembeni. Kesho yake haukunyanyuka. Uzito tulioongeza ulikuwa umeizidi springi, na springi ya mlango kama huo si kitu cha kuchezea kwa bisibisi. Ikifyatuka inavunja mkono. Aliitwa fundi wa milango. Ningefaa kuupima mlango kabla, si baada.

Mashine ya kukausha hewa ilikuja mwisho, ndogo kuliko aliyotaka kununua mwanzoni. Zile zinazofanya kazi kama jokofu hulegea joto likishuka chini ya nyuzi 15, kwa hiyo tulichagua ya kemikali inayonyonya, ambayo pia hutoa joto kidogo. Tuliiweka asilimia 55. Mwezi wa kwanza tanki lilijaa kila siku, maana zege, kuta na mbao zilikuwa bado zinatoa akiba yake. Mwezi wa tatu lilijaa mara moja kwa wiki.

Likaanza tena kujaa kila siku ghafla, akanipigia akiwa na hofu. Nikamuuliza ameingiza nini. Alikuwa ameingiza shehena ya mbao, karibu mita moja ya ujazo. Mbao zenye kilo 500 za ukavu, zikishuka kutoka unyevu wa asilimia 20 hadi 12, hutoa lita 40 za maji. Hakukuwa na uvujaji wowote. Mbao zilikuwa zinapumua. Sasa huziacha kwanza kwenye banda la nje.

Baada ya mwaka mmoja, vipimo vyake vinacheza kati ya asilimia 50 na 58, na mbao zilizokaa ndani husoma unyevu wa 10 au 11. Kasoro imebaki moja: juu ya mlango kuna boriti ya zege ambayo hatukuipatia povu la kutosha, na asubuhi za baridi kali hupata umande mstari mmoja mwembamba. Huufuta kwa kitambaa. Tutaishughulikia akipata wikendi.

Mara ya mwisho nilipopita, randa ilikuwa inang'aa. Droo ile aliyoipunguza wakati imevimba sasa imenywea ikarudi umbo lake, na kwa kuwa ubavu wake ulikwisha kuchongwa, inayumba huku na huku kila ukiivuta. Alikuwa anaigundisha kipande chembamba cha mbao pembeni.